Sifa za Koti la Elfu Thelathini na Tano

Koti la ngozi la bei poa lina maadui wengi. Mimi nimeishi nalo miaka mitatu, nalitolea ushahidi.

Nililinunua Mbeya, mwezi wa saba, baridi inagonganisha meno. Machinga alitaja 60,000, nikataja 20,000, tukaafikiana 35,000, kila mmoja akiamini kamlalia mwenzake. Akawasha kiberiti cha gesi, akaupitisha moto kwenye mkono wa koti. "Ona, bosi, haliungui. Ng'ombe huyu!" Kweli halikuungua. Moto wenyewe ulipita kama mgeni mwenye haraka, lakini mtu anayetetemeka hahesabu sekunde.

Kwanza, koti hili ni mwalimu. Limenifundisha kwamba kumbe nilivaa kitambaa kilichopakwa poliyurethani, plastiki ambayo joto na unyevu huivunjavunja hata ikiwa imetundikwa tu. Nilipohamia Dar es Salaam lilikaa kabatini mwaka mzima bila kuvaliwa, likichapa kazi kimyakimya. Mwaka 2011 chama tawala kilitutangazia kujivua gamba, tukasikia hotuba. Koti langu halikuhutubia mtu. Siku nilipolitoa, gamba lilibaki kwenye henga.

Pili, ukarimu. Fundi wa zipu kalipwa 5,000 mara mbili. Bitana, 8,000. Kiwi kopo tatu za kuficha mabaka, 6,000. Shati jeupe lililoshika weusi shingoni na kugoma kutakata, 18,000. Hiyo ni 42,000 juu ya bei, na mtaa mzima umekula. Koti la ngozi halisi lingemnufaisha nani? Linakaa miaka ishirini, fundi analala njaa.

Tena ngozi halisi ina maringo. Ile inayolainishwa kwa magome ya miti, kama miwati ya kule Njombe, hutaka wiki kadhaa ndani ya maji. Ya kemikali ya kromiamu ni kazi ya siku chache, ndiyo maana ikawa rahisi. Urahisi huo nao una mlipaji. Viwanda vya ngozi vya Hazaribagh, Dhaka, vilimwaga maji yake machafu kuelekea mto Buriganga kwa miongo mingi, hadi 2017 vilipohamishiwa Savar, kando ya mto mwingine. Langu halina dhambi hiyo: hakuna ng'ombe aliyelia. Hivyo vipande vyeusi nilivyoviona vikielea mtaroni kuelekea mto Msimbazi, baada ya mvua, tuseme ni vya jirani.

Ila sifa yake kuu ni kwamba halijui kusema uongo mbele za watu. Nililivaa kwenda ukweni, siku ya kujitambulisha rasmi. Nilikaribishwa kwenye kochi jipya, rangi ya maziwa, nikaegemea kwa heshima zote. Tuliongea mahari, tukaongea bei ya mbolea, mambo yakanyooka. Niliposimama kunawa, baba mkwe alitazama nilipokuwa nimekaa, akatazama shingo yangu, akainama kuninong'oneza kwa huruma ya mzazi:

"Mwanangu, una ugonjwa wa ngozi?"

"Si mimi, baba. Ni koti."

Mama mkwe alikuwa ameshafuata ufagio.