Iacheni Enterprise Ibaki Laini

Mfyuuu! Niacheni nisonye kwanza, maneno yatafuata.

Hivi nyie mnaona sawa? Mtu ananunua modeli ya Enterprise ya 1966, ile meli ya angani ya Star Trek ya kwenye runinga, alimokuwa akifanya kazi Luteni Uhura na kile kidude chake cha sikioni. Ananunua ile kubwa ya Polar Lights, ya uwiano wa 1 kwa 350, inayopita sentimita 80 ikishaunganishwa. Anaongezea vipande vya shaba, vipande vya rezini, nyaya, taa. Mpaka hapo namvulia kofia. Halafu anashika sindano ya kuchorea, anaichimba sahani nzima mifereji toka ukingoni mpaka katikati, anabandika vifuniko, vibomba na visanduku mgongoni, na wenzake wanampigia makofi, eti sasa meli imekuwa "halisi". Halisi ya wapi? Aka!

Aliyeichora meli ile ni Matt Jefferies, mtu aliyezijua ndege kabla hajawa mbunifu wa seti za runinga. Hakuiacha laini kwa uvivu. Hoja yake ilikuwa ya fundi: mtambo ukiharibika huko angani, mtengenezaji asilazimike kutoka nje kwenda kuhangaika nao, uwekwe ndani, ufikiwe kwa ndani. Kwa hiyo ganda la nje halina mzigo wa kubeba. Ulaini wenyewe unakwambia kwamba watu hawa wameshavuka zama za mabomba ya nje. Ukija kuujaza vijisanduku, umefuta hoja ya mchoraji na wala hujaleta ya kwako. Ni kumpaka bibi harusi hina usoni: hina ni nzuri, lakini pale si mahali pake.

Haya, tupige hesabu, maana hawa wachimbaji hawapigi. Katika 1 kwa 350, milimita moja ya mezani ni sentimita 35 za meli yenyewe. Mfereji wa nusu milimita, ambao wewe unauona mwembamba kabisa chini ya taa yako, ni ufa wa sentimita 17 na nusu. Mguu wa mtu unazama! Meli ya mita 289, yenye watu 430 ndani, iende nyota kwa nyota ikiwa na nyufa za kutumbukiza mguu kila baada ya mita chache? Khaa! Mtu mzima katika uwiano huo ana milimita 5 tu toka kisigino mpaka utosini. Jicho la mtazamaji linakadiria ukubwa wa chombo kwa kutafuta kilicho chembamba kuliko vyote. Ukilipa mfereji mpana, linahukumu papo hapo kwamba hiki ni kitoto cha kuchezea. Umetumia mwezi mzima kuipunguza meli.

Hapo sasa ndipo shaba inapopata haki yake, na hapo niko upande wa wanaoongezea. Kipande cha plastiki hutengenezwa kwa kusukuma plastiki ya moto ndani ya kalibu ya chuma, kisha kichomoke bila kuvunjika. Hakiwezi kuwa chembamba utakavyo. Shaba ya manjano inakuja kwa njia nyingine: bati jembamba linapakwa dawa inayoshika picha kwa mwanga, asidi inakula pasipokingwa, na kinachobaki ni wavu, ngazi au reli ambayo kalibu haiwezi kuitoa. Bati la milimita 0.2 ni sentimita 7 kwenye meli. Hicho ni kipimo cha kuaminika. Kwa hiyo weka shaba kwenye matundu ya mapipa ya injini, weka kwenye banda la vyombo vidogo kule nyuma, mahali ambapo Jefferies mwenyewe aliweka wavu au ukingo. Na tafadhali usije na gundi ya plastiki. Ile hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki mbili zikashikana. Shaba haiyeyuki, na rezini vilevile. Supaglu, kidogo sana, kwa ncha ya sindano. Rezini ioshe kwa sabuni kwanza, maana inatoka na mafuta ya kalibu na rangi haitashika. Ukiipiga msasa, piga ikiwa na maji na uvae barakoa. Vumbi lile si la mapafu.

Sisemi vikorombwezo ni haramu. Millennium Falcon ndiyo mama wa vikorombwezo! Mafundi wa Industrial Light & Magic, wakiwa Van Nuys kule California, wakiandaa filamu ya Star Wars iliyotoka 1977, walinunua modeli za madukani kwa wingi, vifaru, ndege, magari ya mbio, wakazivunja na kubandika vipande vyake juu ya ganda la Falcon. Umbo la kwanza walilokuwa wamelitayarisha lilifanana mno na chombo cha Eagle cha tamthilia ya Space: 1999, wakaligeuza kuwa meli ya waasi inayokimbizwa mwanzoni mwa filamu, na Falcon ikachorwa upya. Meli hiyo ni gari la mlanguzi, limetengenezwa mara mia kwa vipuri vya kuokota. Ndiyo maana mtu anayetafuta kifaru cha zamani cha Tamiya ili apate kile kipande kimoja kilichoko kwenye modeli ya filamu, mimi simcheki hata kidogo. Huyo ni mtafiti. Ukiwa na Falcon ya Bandai ya 1 kwa 72 iliyotoka 2017, ukabadilisha nyavu za yale matundu sita ya duara ya mgongoni kwa nyavu za shaba, umefanya jambo la maana, kwa sababu pale mtazamaji anatakiwa aone mpaka chini, kwenye giza la mtambo. Falcon inaomba. Enterprise haiombi. Mbona ni rahisi kuelewa?

Kuna bwana atainuka hapa aniambie kwamba hata studio iliibadilisha meli yake. Ni kweli kabisa, na ndiyo ushahidi wangu! Modeli kubwa ya Enterprise, ya mita 3.4, ilikamilika mwishoni mwa 1964. Ilipoingia kwenye kipindi cha kwanza cha majaribio haikuwa na taa hata moja ndani. Madirisha yalikuwa ya rangi tu. Ikarekebishwa kwa jaribio la pili, ikarekebishwa tena kwa ajili ya mfululizo wenyewe: kuba ya juu ikashushwa, dishi la mbele likapunguzwa, ncha za nyuma za mapipa zikabadilishwa, taa zikaingizwa. Angalia waligusa nini. Mwanga, na umbo la viungo. Ngozi hawakuichimba. Kwa hiyo anayenunua vipande vya kuirudisha meli yake kwenye sura ya jaribio la kwanza, na ile miiba iliyochomoza mbele ya mapipa ya injini, huyo anafuata historia na nampa kiti akae.

Taa! Hapo ndipo pesa na muda viende. Zile kuba nyekundu za mbele ya mapipa, zinazozunguka na kumetameta, studio ilizitengeneza kwa taa za Krismasi, vipande vya kioo kilichovunjika na mota ya kuzungusha. Basi! Leo kuna LED ndogo kuliko punje ya mchele na vibodi vinavyoziwasha kwa zamu, na bado watu wanakosea, kwa sababu wanafanya mwanga ukimbie badala ya kuchemka. Tazama picha za kale: mwanga haukai kwenye mstari, unavurugika. Kioo kilikuwa kinaurudisha huku na huku. Anayetaka kuba nzuri aache kubadilisha programu usiku kucha. Aweke vipande vya kioo au karatasi inayong'aa nyuma ya LED zake.

Na kabla ya taa yoyote, paka ndani rangi nyeusi, kisha juu yake nyeupe. Nyeusi inazuia mwanga usipenye ganda, nyeupe inausambaza ufike madirishani. Plastiki ya modeli hupitisha mwanga kuliko watu wanavyodhani. Nimeona modeli iliyonyooka, imepakwa rangi kwa ustadi wa hali ya juu, ikiwashwa sahani nzima inawaka yenyewe mpaka viungo vyake vinaonekana. Moyo uliniuma kwa ajili ya mwenyewe. Kila LED na rezista yake, au itaungua. Iwashe saa nyingi mfululizo kabla hujafunga ganda, kwa sababu ikizimika baada ya gundi kukauka huna mlango wa kuingilia. Nyaya za mapipa zinapita kwenye yale mabawa membamba, kwa hiyo njia yake ichongwe mapema, bado vipande viko mkononi.

Sasa nirudi kwa wachimbaji, bado sijawamaliza. Wanasema: kwenye sahani ya studio kuna mistari. Ipo. Ni mistari ya penseli! Modeli ile Paramount waliitoa mwaka 1974 kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, na rangi ya juu ya sahani ni ileile ya miaka ya sitini, pamoja na penseli yake. Ukarabati wa 1991 uliweka vivuli vizito vya mistari kwenye sehemu nyingine za mwili, na wapenzi wa meli wakalalamika miaka mingi, nami nasema walilalamika kwa haki. Makumbusho ilipoishughulikia tena, ikaipiga eksirei, ikachunguza tabaka za rangi, na mwaka 2016 ikaitoa ikiwa na sura ya Agosti 1967. Vivuli vikaondoka. Meli ikapumua. Kama unataka mistari kwenye modeli yako, chukua penseli ngumu iliyochongwa vizuri, pitisha kwa wepesi, kisha ifunike kwa vanishi isiyong'aa. Mtu aione akiikaribia tu, na akirudi hatua mbili ipotee.

Wengine wanachukua vibandiko vya Enterprise ya filamu ya 1979, vile vya vipande-vipande vinavyobadilika rangi, wanavibandika kwenye meli ya 1966. Mfyuuu tena! Ile ya 1979 ni meli nyingine kwa ngozi yake. Paul Olsen aliipaka rangi za lulu kwa bomba la rangi, tabaka juu ya tabaka, ili kila mwanga ukipita vipande vingine viwake na vingine vififie. Kule ukinunua karatasi za kuzibia na ukae wiki kadhaa ukizibandua moja moja, nakuombea subira na mikono isiyotetemeka. Na hata kule, kumbukeni, ni rangi. Hakuna aliyechimba.

Limebaki la ubavu wa kushoto, ambalo limegombanisha marafiki. Modeli ya studio haikumaliziwa upande huo. Nyaya za taa ziliingilia pale, na kamera ikawa inaipiga kutoka kulia. Basi wapo wanaouacha ubavu wa kushoto mtupu na kutoa nyaya nje vilevile, kwa uaminifu kwa kile kilichoko Washington. Ni kazi ya heshima, na anayejenga nakala ya modeli ya studio ana haki yake. Lakini wengi wetu hatujengi modeli ya modeli. Tunajenga meli, na meli ina watu 430 pande zote mbili, wanaolala, wanaosoma, wanaochungulia nje. Kwa hiyo toboa madirisha ya kushoto, kaka, mengine yawake na mengine yawe giza, na waya wa umeme upitishe chini kwenye nguzo ya kusimamishia.