Malalamiko Tisa ya Wapenzi wa Muziki wa Kale Redioni, Kuanzia Dogo Hadi Kubwa

Ukitaja muziki wa kale redioni, huku kwetu Kagera watu watakuelewa kwa namna tatu. Mtu wa Hamugembe atajua unazungumzia dansi la zamani, zilipendwa. Mama wa kwaya kule Kamachumu atafikiri unamaanisha Handel na tarumbeta za kanisani. Mzee wa Ihangiro atawatazama wote wawili kwa huruma, kwa sababu kwake muziki wa kale ni enanga, na hayo mengine yalikuja na meli.

Stesheni hazijatupungukia. Bukoba mjini kuna Kasibante, Vision na Mbiu, Karagwe kuna FADECO, Ngara kuna Kwizera iliyoanzishwa 1995 kwa ajili ya wakimbizi, na TBC Taifa inatufikia kutoka Dar. Malalamiko nayo hayajatupungukia. Nimeyaokota kwenye vijiwe, saluni na magengeni kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba, nikayapanga kwa uzito. Stesheni yenye kosa siitaji. Kesho nitataka salamu zangu zisomwe.

9. Mtangazaji anayeongea juu ya gitaa

Wimbo wa dansi wa miaka ya 70 una sehemu mbili. Kwanza mtunzi analia: kaachwa, kaibiwa, kasingiziwa. Kisha linakuja chemko. Gitaa la solo linaingia, tarumbeta zinajibu, na mtu aliyekuwa anamenya ndizi anajikuta amesimama na kisu mkononi. Chemko ndilo msikilizaji alilokuwa akilingoja tangu alipowasha redio, na mtangazaji anachagua wakati huohuo kutuambia ni saa ngapi. Mlimani Park, Sikinde wenyewe, wako jukwaani tangu 1978 na hawajawahi kuomba msemaji wa katikati. Saa tunazo, mzee. Hata simu ya tochi ina saa.

8. Salamu ndefu kuliko wimbo

Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, kadi ya salamu ulijaza kwa mkono na kuipeleka posta. Hadi isomwe, shemeji uliyemtumia ameshahama nyumba. Kwenye kipindi cha Ugua Pole, mgonjwa aliyelazwa alitumiwa salamu na wimbo, na naamini wapo waliopona kwa kutaka tu kurudi kijijini kuuliza kwa nini fulani hakuwataja.

Siku hizi ujumbe unatumwa kwa simu na kufika mtangazaji hajameza mate. Orodha imerefuka ipasavyo: mama mkwe wa Kagondo, fundi cherehani wa Nshamba, kikundi cha bodaboda stendi ya Muleba, "na wengine wote wanaonifahamu". Wimbo wenyewe unapigwa dakika moja na nusu, taarifa ya habari inaingia. Nilimuuliza mtuma salamu mmoja mzoefu kama haoni ubaya. Akanijibu: "Wimbo ninao kwenye simu. Redio naisikiliza nisikie jina langu." Niliondoka bila jibu.

7. Muziki wa ala tupu

Redio ikipiga vinanda na fidla kwa nusu saa, bila mwimbaji na bila tangazo hata moja la sabuni, Bukoba nzima inaulizana kwa sauti ya chini: nani tena? Tumefundishwa hivyo. Mtu aliyekuwa na akili zake tarehe 14 Oktoba 1999, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere, anajua redio ya maombolezo inavyosikika.

Walio karibu na mpaka wana somo la ziada. Tarehe 25 Januari 1971 Radio Uganda ilipiga muziki wa bendi ya jeshi, kisha likasomwa tangazo kwamba Obote hayupo tena madarakani. Miaka saba na ushei baadaye aliyeingia Ikulu siku ile alituma majeshi yake hadi Kyaka. Kwa hiyo mzee wa Missenyi akisikia tarumbeta za kijeshi alfajiri na kuanza kutafuta begi, msimcheke.

Uingereza mambo ni tofauti. Classic FM ilipokuwa inajaribu mitambo mwaka 1992, ilirusha sauti za ndege wakiimba tu, na watu wakasikiliza kwa raha zao. Septemba 7 ikafungua rasmi kwa kazi ya Handel. Jaribuni Bukoba kurusha ndege siku nzima bila maelezo. Hadi saa nne mkuu wa mkoa ameshapigiwa simu.

6. Betri

Huisha kwenye wimbo unaoupenda, haijawahi kuishia kwenye tangazo. Ianike juani, ing'ate kidogo ubavuni, irudishe, funga mgongo wa redio kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Utapata wimbo mmoja na matangazo ya vifo mawili.

5. Zilipendwa na nani, lini?

Kijana wa Kashai kapewa kipindi cha zilipendwa, kakifungua kwa Bongo Fleva ya Juma Nature. Simu zikawaka. "Huyo ni wa juzi!" walilia wazee.

Tufanye hesabu bila hasira. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965. Mwaka 1985 redio ilipompiga, hakuna aliyebisha kwamba ni zilipendwa, na ilikuwa miaka ishirini tu. Bongo Fleva ya mwaka 2001 imeshavuka umri huo. Kijana ana haki. Wazee hawaipendi hesabu hii, mimi pia siipendi, na hesabu haina habari.

Wazee wenyewe hawajawahi kukubaliana. Kuna kinyozi Rwamishenye ambaye ukimwambia Marijani Rajab alimzidi Mbaraka Mwinshehe, anazima mashine kwanza ndipo anakujibu. Nimeshuhudia mteja akikaa na nusu ya kichwa kimenyolewa huku kesi inasikilizwa. Hoja za upande wa Marijani: aliitwa Jabali la Muziki, na watu hawatoi jina la Jabali hovyo. Hoja za upande wa Mbaraka: solo lake, na kwamba alifia ajalini Kenya Januari 1979 huku sisi Kagera tukiwa bado vitani, kwa hiyo kuna watu hapa wanaodai hawakupata hata nafasi ya kumlilia vizuri. Mteja aliondoka na kichwa kizuri, ila cha mtindo aliouchagua kinyozi.

4. Saida Karoli awekwe wapi?

Mwaka 2001 binti wa Kagera alitoka na ngoma na Kihaya chake, akaimba "Maria Salome", na nchi nzima ikaitikia maneno isiyoyajua maana. Watu wa Lindi walicheza kwenye harusi zao. Kwa mara ya kwanza katika historia, Mhaya alikaa kimya akasifiwa na wengine. Haikudumu, lakini ilitokea.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautengeneza upya kwa jina la "Salome", na hapo ndipo balaa la redioni lilipoanza. Binti anapiga simu anaomba "ile ya Diamond, ila iliyoimbwa na mwanamke". Mama yake anamnyang'anya simu. Mtangazaji, kijana wa watu, anapiga ya Diamond. Upande wa zilipendwa wanasema Saida hana umri wa kutosha, upande wa ngoma za asili wanasema aliingia studio za kisasa. Hukumu yangu: apigwe kwenye vipindi vyote viwili, na anayepinga aende Lindi akawaulize.

3. Handel wa mara mbili kwa mwaka

"Haleluya" ya Handel inatoka kwenye Masiya, kazi iliyosikika kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Ukitoka Dublin kwa Handel, kituo kinachofuata ni kwaya yoyote ya Kagera wiki ya Pasaka. Wakatoliki wanayo, Walutheri wanayo, na kila upande una sababu zake. Wakatoliki watakukumbusha kuwa wana Kardinali Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, 1960. Walutheri watakujibu kwa Askofu Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, 1977, halafu wataongeza tarumbeta za shaba walizoachiwa na wamisionari wa Kijerumani. Hapo mjadala wa muziki unakuwa umeshasahaulika.

Lalamiko ni kwamba redio inampiga Handel Pasaka na Krismasi, baada ya hapo anarudishwa kabatini. Na rekodi inayopigwa mara nyingi imechukuliwa kwa simu kutoka benchi la nyuma. Mtoto analia, mtu anakohoa, jogoo anawika sauti ya nne inapoingia. Kwa Pasaka si vibaya, Petro angemtambua.

2. Mawimbi na milima

Hili Bukoba mjini hawalijui, waulizeni Muleba. Mawimbi ya FM yanakwenda moja kwa moja na mlima ukiyakinga yanakoma. Aliye juu ya uwanda wa Kamachumu anasikia hadi mtangazaji anavyofunua karatasi. Mwenzake aliye chini ya ukingo, upande wa ziwa, anasikia mchanga ukimwagwa. Ndiyo maana wazee wanaitaja redio ya mawimbi ya kati kwa mapenzi. Mchana ilikuwa taabu, lakini usiku mawimbi yale hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana, kwa hiyo Dar ilifika hadi kitandani kwako, pamoja na mlio wa filimbi usioisha.

Wavuvi wa dagaa wa Bumbire na Ikuza wana bahati yao. Ziwani hakuna mlima. Taa zimewashwa, wavu uko majini, redio imening'inizwa kwenye mlingoti, na ukizungusha kidogo kitufe cha redio unaingia Uganda, ambako Afrigo Band wanapiga tangu 1975. Mvuvi mmoja alinieleza kwamba yeye hana upendeleo wa nchi: anayepiga wimbo hadi mwisho ndiye wake usiku huo. Ningekuwa na stesheni ningeiandika sentensi hiyo ukutani studio.

1. Enanga inayokatwa

Hapa utani unapungua kidogo. Enanga ni ubao uliochongwa na kuchimbwa, uzi mmoja ukapitishwa kwenye meno ya huku na huku hadi ukawa nyuzi kadhaa zilizolala sambamba. Mpigaji anaulaza mapajani, anapiga na kuimba peke yake. Wapigaji hawa walikuwa kwenye majumba ya watawala, Abakama, na kwenye vikao vya pombe ya rubisi, wakisimulia tendi za mashujaa, akina Rukiza na Kachwenyanja. Utendi mmoja haumalizwi kwa dakika tatu, na haukutungwa umalizwe. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika na mitambo yake mwaka 1950, aliwarekodi Wahaya pia. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amezitafiti tendi hizi miaka mingi na kuzitolea kitabu mwaka 2002. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba hakuna cha kupiga.

Redioni enanga inafanyiwa nini? Inawekwa mwanzoni mwa kipindi cha kilimo, sekunde ishirini, kisha bei ya kahawa. Au inapitishwa chini ya matangazo ya vifo, hadi watoto wa mjini wakisikia uzi wa kwanza wanauliza amefariki nani. Ikitokea ikapewa nafasi yake, shujaa anaanza kujitaja sifa, ukoo, mikuki na ng'ombe, na kabla hajafika kwa babu yake tangazo la mabati limeshaingia. Kumkatiza Mhaya anayejisifu! Hata wakoloni walingoja amalize.

Mzee mmoja wa Nshamba aliniambia amewahi kwenda hadi studio kulalamika. Walimpokea kwa heshima zote, wakampa soda na kiti. Kijana wa mitambo akamweleza kwa upole: "Tata, wasikilizaji hawawezi kuvumilia wimbo wa nusu saa." Mzee akamuuliza mpira wa Kaitaba wanautangaza kwa dakika ngapi. Kijana akasema tisini, na za nyongeza. Mzee akanywa soda yake ikaisha, akaaga.

Waingereza kupitia BBC Radio 3 wanaletewa opera za Wagner, nyingine zaidi ya saa nne, zenye pete, miungu na ugomvi wa urithi. Ugomvi wa urithi sisi tunao mwingi tu, na wetu una ng'ombe. Ninachoomba ni saa moja Jumamosi usiku, baada ya taarifa ya habari. Mtangazaji aeleze kwa Kiswahili dakika tano kisa ni cha nani na kilitokea wapi, ili mkwe kutoka Singida naye asiachwe nyuma. Kisha anyamaze. Salamu zisomwe utendi ukiisha, hata yangu.

Meneja wa vipindi atauliza mdhamini yuko wapi. Awafuate wauza senene mwezi wa kumi na moja. Wakati huo wana fedha kuliko benki, na tendi zenyewe wanazijua.