Mhadhara wa Nanoampia, Uliotolewa na Bingwa Pekee wa Majoreni

Waungwana wa Majoreni, Wavumba kwa Wadigo, wavuvi mnaongoja bamvua na walimu mliokosa mwaliko kwingine. Hongereni kwa bahati ya kunisikiliza. Mimi ni bingwa. Aliyenipa cheo ni mimi mwenyewe, na katika kijiji kizima hajatokea wa kunipinga ila yule fundi wa simu, ambaye nimeshamsamehe.

Mada ya leo ni saketi ya kukuza mkondo wa kihisio cha kaboni monoksaidi. Mwajiuliza inawahusu nini. Masika yakishika, jiko la makaa huingizwa ndani, dirisha likafungwa, watu wakalala. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Pua zenu, zinazonusa tope la mikoko na kujua maji yameshatoka, mbele yake ni pambo la uso tu.

Kihisio ni kikopo kidogo chenye asidi ya salfa na elektrodi tatu. Gesi ikigusa elektrodi ya kazi hukutana na maji, ikageuka kaboni dayoksaidi, na kila molekuli ikaacha elektroni mbili. Mbili tu! Ndiyo maana kihisio cha kawaida hutoa kama nanoampia 70 kwa kila sehemu moja ya gesi katika milioni ya hewa. Shirika la Afya Duniani halitaki mtu avute zaidi ya miligramu 35 kwa kila mita ya ujazo kwa muda wa saa moja, yaani sehemu kama 30. Zidisheni. Mwalimu wa hesabu pale nyuma, rudisha simu mfukoni. Ni nanoampia 2,100. Opampu, ile chipu ya kukuzia, ikifungwa rezista ya kiloomu 100 kutoka tokeo lake kurudi kwenye ingizo, mkondo huo unawapa volti 0.21. Voltimita ya sokoni inaisoma.

Elektrodi ya marejeo ni kama mzee wa baraza: husikilizwa, habebeshwi mzigo. Opampu ya pili humsikiliza, kisha ikaiamuru elektrodi ya tatu itoe mkondo wote unaotakiwa. Mzee akibebeshwa mkondo, kipimo hakina tena pa kusimamia.

Sasa huyo fundi wa simu (nimemsamehe, narudia) aling'oa opampu ya 741 kwenye amplifaya kuukuu ya harusi. Chombo cha mwaka 1968! Ingizo lake hunywa nanoampia 80, na karatasi ya kiwanda inakiruhusu kinywe hata 500. Hizo 500 ni sehemu saba za gesi ambayo haipo nyumbani. Nunueni opampu ya ingizo la FET, ambayo hunywa pikoampia.

Halafu vidole vyenu! Alama moja ya kidole chenye jasho na chumvi ya bahari ikifungua njia ya megaomu 10 kutoka volti 3 hadi ingizo, zimeshapita nanoampia 300, gesi ya uongo sehemu nne. Mkimaliza kulehemu, sugueni bodi kwa spiriti hadi ing'ae, iacheni ikauke vizuri, na njia ya ingizo izungushieni pete ya shaba yenye volti ileile. Nimeona bodi zimelehemiwa na mtu anayekula samaki wa kukaanga. Sitamtaja.

Umeme ukikatika, nao hukatika, transista ya JFET iziunganishe elektrodi ya kazi na ya marejeo. Bila hiyo kihisio hujichaji, na mkiwasha tena kitawadanganya kwa saa kadhaa.

Naona Bi Mkubwa hapa mbele ameinua mkono. Anauliza: "Mwanangu, tukifungua dirisha, si yatosha?" Bi Mkubwa, swali lako si la kielektroniki. Ila kwa heshima ya umri wako nitalijibu: dirisha hupunguza, haliondoi. Kinachoondoa ni kulitoa jiko.

Anauliza tena kifaa changu kiko wapi. Kiko tayari, kimebaki kununuliwa kihisio, opampu na bodi. Bakuli la mchango linapita sasa hivi, na msilirudishe tupu. Na usiku huu, kabla hamjalala, majiko yote yawe nje.