Piga Jua na Sisi Ndani

Ukitaka kuheshimiwa hapa Katuba, Lubumbashi, nunua gari. Ukitaka kusumbuliwa, nunua kamera. Mimi kazi yangu ni picha za pasipoti, harusi na matanga, ila siku ambayo mwezi unapita mbele ya jua, mtaa mzima unaniona kama mfanyakazi wa huko juu. "Yaya, kunaanza saa ngapi?" "Yaya, mbona kunachelewa?" Hata wenye madeni ya picha za ubatizo hupata ujasiri wa kubisha hodi.

Chukua tarehe 1 Septemba 2016. Pete kamili, ule ukingo wa jua unaobaki kuuzunguka mwezi, ilipita kaskazini yetu, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikaingia Tanzania hadi kule Rujewa, mkoa wa Mbeya. Sisi Lubumbashi tuliachiwa jua lililomegwa. Kiangazi, shule hazijafunguliwa; kila mtoto wa avenyu alikuwa uani kwangu, na kila mtoto kaja na mshauri wake.

Washauri! Mmoja alileta picha ya radio ya hospitali, akalitazama jua kupitia mbavu za mjomba wake. Mwingine alikuja na beseni la maji, eti jua la majini haliunguzi. Wa tatu alikuwa na CD ya kwaya. Aliyekaribia ukweli ni jirani yangu anayechomelea milango: kioo cha kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14. Cha kwake namba ilifutika zamani, na yeye mwenyewe huchomelea amevaa miwani ya jua ya kuendea misa.

Na wote wana jibu moja: "Mbona haliumi?" Ndiyo, haliumi. Retina haina mishipa ya kusikia maumivu. Inaungua kimya kimya, halafu baada ya saa kadhaa unagundua doa katikati ya kila unachokitazama. Jua limeshapona kitambo, wewe bado.

Filta yangu ni karatasi ya fedha kama ile inayofunga chokoleti, ila inapitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000 ya mwanga. Kabla ya kuitumia unaikagua matundu kwa kuielekeza kwenye balbu, siku umeme ukipenda kuwepo. Inakaa mbele ya lenzi, nami huizungushia skochi upepo usiing'oe. Kijana mmoja msomi akaniuliza kwa nini nisiiweke nyuma, upande wa jicho, "kwani jicho si ndilo linalolindwa?" Lenzi inakusanya jua lote na kulimwaga mahali pamoja; karatasi ikiwa nyuma ingetoboka kabla hajamaliza swali, na kinachofuata ni jicho. Akaniambia basi nitumie kioo cheusi anachotumia rafiki yake kupigia maporomoko ya maji. Hicho kinapunguza mwanga mara 1,000. Bado kinaachia mara 100 zaidi ya karatasi yangu. Alikasirika. Watu wa hesabu hawapendi hesabu za wengine.

Lakini mateso halisi yaliletwa na wateja. Tantine mmoja alifika amevaa liputa jipya, kilemba, mkufu, akasimama mbele ya kamera: "Piga jua na sisi ndani." Jamani. Filta ikiwa mbele ya lenzi, hakuna kinachoonekana duniani isipokuwa jua. Kuku, ukuta, liputa la bei ghali, vyote vinazama kwenye weusi. Filta ikitoka, tantine anaonekana vizuri sana, na jua linakuwa doa la mwanga lisilo na umbo, huku likiichoma kamera yangu. Nilimweleza. Akasema mpiga picha wa mtaa wa Kamalondo angeweza.

Wenye simu nao walinung'unika kwamba jua limetoka dogo. Litakuwaje kubwa? Gawanya urefu wa lenzi kwa 110 hivi, ndio upana wa jua ndani ya kamera: lenzi ya milimita 300 inakupa jua lisilofika milimita 3. Ya simu sitaki hata kuitaja.

Na picha nzuri kuliko zote walikuwa wanaikanyaga. Chini ya mwembe, kila kitundu kati ya majani kilikuwa kimechora jua lililomegwa juu ya udongo, vipande vingi vilivyopinda vikitikisika upepo ukipita. Hapo huhitaji filta, unaipa tu mbingu mgongo. Nilipiga, nikaonyesha. "Yaya, nani atanunua picha ya udongo?"

Tarehe 26 Februari 2017, Jumapili, pete ilipita Chile na Argentina, ikavuka Atlantiki na Angola, ikamalizia safari humu humu Katanga jua likizama. Safari ndefu vile, na mimi nikaona ghorofa la jirani.

Sasa wamesikia kuhusu tarehe 21 Mei 2031, pete nyingine kupita Angola, Kongo, Zambia na Tanzania. Mwezi wa tano, mvua zimeisha, sitakuwa na mawingu ya kusingizia. Tantine ameshakuja kuulizia bei. Nikamwambia jua peke yake bei yake, yeye peke yake bei yake. Akataka kujua wote wawili wakilipia mapema watapunguziwa ngapi.