Tangi la Kitatange: Mwongozo kwa Mkazi wa Mvumi

Kwanza, hongera. Mtu anayekaa Mvumi, huku Kilosa, mbali kabisa na bahari, akaamua kufuga samaki wa maji chumvi sebuleni, hahitaji ushauri bali dua. Lakini umeuliza ukubwa wa tangi, basi tupime.

Lile bakuli la duara uliloliona kwenye filamu, lowekea maharage. Kitatange yule mwenye uzi kwenye pezi la mgongoni hufika sentimita 23, na kazi yake ya kutwa ni kuzunguka mwamba akidonoa huku na kule kama kuku wa kienyeji. Nawe kuku wa kienyeji humfungii kwenye debe. Waswahili hawakumwita mchonganishi kitatange bure: bana wawili wa aina moja mahali padogo, uje ushuhudie ngumi.

Tangi la haki, basi: urefu mita 1.8, upana sentimita 60, kina sentimita 60. Hizo ni lita 648, ndoo 32 na ushei. Majirani wakikuona unavyopishana na bomba watauliza harusi ni lini. Uzito wake, bila kioo, ni magunia sita na nusu ya mahindi, kwa hiyo kile kimeza chenye kitambaa cha kufuma kiachie redio. Chumvi ni gramu 35 kwa lita, karibu kilo 23, na si ile ya dukani kwa Mangi. Unatakiwa ununue ya matangi, yenye kalsiamu na magnesi. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji baridi matupu, maana chumvi haipai. Ukiongeza ya chumvi kila mara utapata ng'onda angali anaogelea. Luku ikikata saa nane za usiku, pampu ni mkono wako.

Halafu kuna chakula. Wapo vitatange, kama Chaetodon trifascialis, ambao hula karibu matumbawe ya Akropora pekee. Huyo ukimletea pumba atakutazama mpaka afe. Tangi lake lina saizi moja tu: mwamba mzima. Upo Chumbe, Zanzibar, ambako tangu 1994 ni hifadhi na kuvua ni marufuku. Panda gari, panda boti, vaa miwani ya kuzamia, mwangalie kwake.

Hapo nyumbani chimba bwawa, weka perege. Huyo akikua, unamkaanga.