Jinsi ya Kutaifisha Kampuni ya Bima Ukiwa Isiolo

Gari lako limegongwa na lori la mbuzi kwenye barabara ya Moyale, karibu na Archer's Post. Lori lina bima, stakabadhi unayo, na wakala alikuwa anashika simu hadi Jumatatu. Umeketi mkahawani mjini Isiolo na chai ya maziwa ya ngamia, na mtu wa meza ya pili, ambaye hakuulizwa, anatoa suluhisho: serikali izichukue hizi kampuni zote, yaishe. Wote wanaitikia. Kwa kuwa azimio limepita bila kupingwa, haya hapa ni maelekezo kwa atakayetumwa kulitekeleza, hasa kama hajawahi kutaifisha chochote kikubwa kuliko kiti cha aliyekwenda msalani.

Kabla ya yote, kagua unachokichukua. Aliyetaifisha shamba la mkonge alipata mkonge. Aliyetaifisha benki alipata hata sefu. Kampuni ya bima ukiifungua utakuta ahadi. Pale makao makuu Nairobi kuna jengo, kuna hati za dhamana za serikali, kuna akaunti za benki, lakini vyote hivyo vimeshawekewa majina ya watu: aliyevunjika mguu akiwa kwenye bodaboda, mjane ambaye kesi yake inaahirishwa kila mwezi, hospitali inayodai tangu mwaka juzi. Ada zilishalipwa, nyingine zikaliwa. Madai ndiyo yanayokuja. Siku serikali inatia sahihi, madai hayo yanahama nayo. Waziri atakaposimama kutangaza kwamba kampuni sasa ni mali ya wananchi, atakuwa amesema kweli kabisa. Kwamba wananchi hao hao sasa ndio wanaodaiwa, hilo litaachiwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliandike miaka miwili baadaye.

Kama bado unataka, tafuta mwalimu. Mwalimu wa karibu ni Tanzania. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, siku ya Jumapili. Kesho yake benki zikatwaliwa. Kabla mwezi haujaisha, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya bima. Tazama jinsi ilivyofanywa, maana hapa ndipo wanagenzi hukosea. Shirika la Bima la Taifa lilikuwa tayari lipo tangu 1963, na serikali ilikuwa na hisa zake humo. Hapakuwa na haja ya kuzimeza kampuni za kigeni moja moja na kutapika madeni yao. Sheria ililifanya shirika kuwa mali ya umma lote, kisha ikalipatia peke yake haki ya kuandika bima mpya nchini. Wengine hawakufukuzwa. Walibaki na vitabu vyao vya zamani na hakuna cha kuuza. Zanzibar ikaanzisha shirika lake la bima mwaka 1969. Bara, mlango haukufunguliwa tena kwa kampuni binafsi hadi sheria ya 1996, yaani karibu miaka 30 ambayo mwenye gari Dodoma hakuwa na shida ya kuchagua.

India walikuwa na tatizo kubwa zaidi: kampuni na vyama 245 vya bima ya maisha. Kama kuna ukurasa mmoja wa mwongozo huu wa kukata na kuweka mfukoni, ni huu. Tarehe 19 Januari 1956 serikali ilichukua uongozi wa kampuni hizo kwa amri ya dharura. Umiliki wenyewe ulisubiri, na shirika moja kubwa lilizaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo. Ufunguo kwanza, hati ya umiliki baadaye. Sababu ni rahisi: kampuni ya bima ni vitabu, na vitabu vikipewa taarifa ya wiki mbili huweza kushika moto, kulowa maji au kusafiri. Kwa hiyo usije ukaanza kwa kutangaza kwenye mkutano wa hadhara.

Uganda ndiyo iliyoanza kwa mkutano wa hadhara. Tarehe 1 Mei 1970, uwanjani Nakivubo, Rais Obote alitangaza kwamba serikali inachukua asilimia 60 ya kampuni kubwa nchini, za bima zikiwemo. Makofi yalikuwa mengi kuliko matayarisho. Mazungumzo ya bei yalikuwa bado yanaendelea Obote alipopinduliwa na Idi Amin Januari 1971, na Amin akaishusha asilimia 60 hadi 49 na kuwaachia wengi mali zao (wale wa Kiasia wakaja kupokonywa zote mwaka uliofuata, kwa njia isiyohitaji mwongozo). Asilimia 60, tukizungumza kwa wasaa, inapendwa sana kanda hii. Ndiyo Kenya iliyoichukua kwenye benki ya National and Grindlays mwaka 1970 ikazaa Benki ya Biashara ya Kenya. Ndiyo Uganda iliyomuuzia mnunuzi kutoka Nigeria mwaka 2005 katika shirika lake la bima la taifa. Na ndiyo iliyobaki mikononi mwa serikali yetu ilipouza asilimia 40 ya Kenya Re kwenye soko la hisa mwaka 2007. Ukiulizwa uchukue kiasi gani, sema 60. Hakuna atakayeshangaa.

Sasa njoo nyumbani, na vua viatu, kwa sababu unaingia kwenye Katiba. Ibara ya 40 hairuhusu serikali imnyang'anye mtu mali ila kwa manufaa ya umma, na kwa kumlipa fidia ya haki, kamili na ya haraka, na mwenye mali ana ruhusa ya kwenda mahakamani. Soma tena neno "haraka" ukiikumbuka Hazina ya Kitaifa, na uwakumbuke waliotwaliwa ardhi kwa ajili ya barabara. Halafu jibu hili swali, ambalo wakili wa upande wa pili atakuuliza kabla hajaketi: kampuni unayoitaka, inaweza kulipa madai yake au haiwezi? Kama inaweza, ni ghali, na wenye hisa watadai thamani ya kila kiti. Kama haiwezi, thamani yake ni sifuri, na umekuja kununua sifuri kwa fedha za umma. Kenya ililiona hili mapema. Waraka wa Bunge nambari 10 wa mwaka 1965 uliweka kutaifisha kuwa dawa ya mwisho, na fidia juu yake. Serikali ikaamua kuanzisha yake badala ya kuchukua ya mtu.

Ile yake iliitwa Kenya National Assurance. Nakuomba usiitaje mkahawani, hasa kama kuna mwalimu mstaafu. Ilikuwa ya serikali, ilikuwa kubwa, ilikuwa na bima za maisha za watumishi wa umma nchi nzima, na mwaka 1996 ilianguka ikaingia kwenye ufilisi. Ikabidi kampuni nyingine yenye jina lile lile, na 2001 imeongezwa kwenye mabano, iundwe kuzibeba bima za maisha zilizobaki. Mwenye meza ya pili, ukimweleza hivi, atasema hiyo ilikuwa serikali ya wakati ule. Usibishane naye. Chai yake inapoa.

Kenya Re ilikuwa ujanja mwingine, na kwa maoni yangu ndio kutaifisha kwa akili kuliko kote Afrika Mashariki. Sheria ya 1970 iliunda kampuni inayozikatia bima kampuni za bima, kisha ikazilazimisha kampuni zote kuipelekea fungu la biashara yao. Hakuna mlango uliovunjwa, hakuna bango lililobadilishwa. Hata ile kampuni binafsi iliyoandika bima ya lori la mbuzi hukatia serikali fungu lake, na dereva hajui.

Ukiona njia zote hizo ni ndefu, mtu atakunong'oneza kuhusu kifungu cha 67C cha Sheria ya Bima. Kinavutia sana. Kampuni ikiyumba, msimamizi wa bima anaweza kumteua meneja aingie na kushika kila kitu, na serikali haijalipa hata shilingi. Ndiyo njia iliyotumika kwa United Insurance mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011 na Resolution mwaka 2022. Yule wa meza ya pili akisikia atapiga makofi. Mwache apige, kisha msomee kinachofuata: meneja huyo ana uwezo wa kusimamisha malipo. Siku serikali inaingia mlangoni, dirisha la madai linafungwa, na linaweza kubaki limefungwa miaka. Wenye matatu waliokuwa na United Insurance wanaijua hadithi hii kuliko wanasheria. Kampuni ikifa kabisa, kuna mfuko wa kuwafidia wenye bima, ambao kikomo chake ni shilingi 250,000 kwa kila dai. Sheria ya bima ya magari inazungumzia hadi milioni 3 kwa mtu aliyeumia. Tofauti hiyo utaipata kwa hisani ya jamaa na harambee.

Kama wewe ni mfugaji wa Merti au Garbatulla umekuwa ukisoma haya kwa subira, ukijua kwamba Isiolo imeshaona serikali na kampuni za bima zikilala kitanda kimoja. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa bima ya mifugo huko Turkana na Wajir, ukaja ukafika hapa. Hapo mambo yaligeuzwa kichwa chini: serikali haikutwaa kampuni yoyote, ilikwenda kuwa mteja. Ilimlipia kila mfugaji aliyechaguliwa ada ya mifugo ya kiasi cha ng'ombe watano, na kundi la kampuni binafsi saba, likiongozwa na APA, likabeba hatari. Hesabu yake ni ya kufurahisha kwa mtu asiye na mifugo. Mbuzi kumi ni ng'ombe mmoja. Ngamia ni ng'ombe mmoja na sehemu nne za kumi. Na mwamuzi hatoki Isiolo: ni setilaiti inayopita juu na kupima ukijani wa ardhi. Ukijani ukishuka chini ya kiwango, unalipwa. Usiposhuka, hulipwi, hata kama ng'ombe wako amelala njiani miguu juu.

Hapo ndipo mzee mmoja atakapokutolea simu yenye picha ya ng'ombe aliyekufa, mbavu zote zinahesabika.

"Mzee, setilaiti imesema eneo lako lilikuwa kijani."

"Lilikuwa kijani. Ni mathenge."

"Mathenge ni mmea, mzee."

"Basi mwambie huyo setilaiti ashuke aule."

Hakuna jibu la kisheria. Mathenge hustawi wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekwisha, na kutoka angani kijani ni kijani. Kati ya 2020 na 2023 mvua ziligoma misimu mitano mfululizo, na suala la nani mwenye kampuni lilikuwa la mwisho katika orodha ya mambo yaliyomkera mfugaji. Ukitaifisha kampuni zote saba kesho asubuhi, setilaiti itapita saa ile ile.

Kitakachokuchukulia siku nyingi ni mkutano wa kukusanya maoni. Usiuruke. Julai 2024 Mahakama Kuu ilizifuta sheria tatu za afya, ile ya bima ya afya ya jamii ikiwa mojawapo, na upungufu wa kuwashirikisha wananchi ulikuwa miongoni mwa hoja. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu, na mamlaka mpya ikaanza kazi Oktoba badala ya mfuko wa NHIF wa tangu 1966, lakini utakuwa umezeeka kidogo kwa kusubiri. Kwa hiyo toa tangazo, kodi ukumbi mjini, agiza soda. Mswada utakuwa wa Kiingereza. Mtu atausoma kwa Kiswahili, mwingine atautafsiri kwa Kiborana na Kisomali, na Waturkana na Wasamburu wa upande wa nyuma watauliza kwa nini wao hawakuletewa mkalimani. Mama muuza maziwa atauliza kama bima mpya itamlipa maziwa yakiharibika kwa sababu gari la Nairobi limechelewa. Haimo kwenye mswada. Iandike hata hivyo, safu ya maoni.

Kisha, ukishinda kila kesi, utafika siku ya kukabidhiwa. Jina litabadilishwa na kupewa neno "Taifa". Bodi itateuliwa kwa kuzingatia sura ya nchi, na kila eneo litapata mwenyekiti wa kamati. Mkurugenzi wa mawasiliano atapatikana haraka, pengine kabla ya mkurugenzi wa fedha. Tawi la Isiolo litafunguliwa na mheshimiwa kwa mkasi na utepe, na vijana wa mtaa watasema nafasi za ulinzi zilishagawanywa. Ndani pameshawekwa kiti cha meneja, tangi la maji na picha ya Rais. Ukipata nafasi ya kunong'ona na fundi kabla hajafunga virago, mwambie aache pia dirisha la kupokelea madai, na kama inawezekana lisielekee ukutani.