Majilio ya Mwembe Tayari

Katika stendi ya mabasi ya Mwembe Tayari, Mombasa, hakuna anayengoja padri amtangazie kwamba Krismasi imekaribia. Nauli hutangaza. Kanisani Majilio yana Jumapili nne, na kila Jumapili huwashwa mshumaa mmoja zaidi. Stendi nayo yazihesabu Jumapili hizo hizo, ila mishumaa yake ni nauli: ikifika ya nne, kiti cha kwenda bara hakishikiki kwa moto. Wala simlaumu karani wa basi. Muulize Ijumaa Kuu ya mwakani itaangukia tarehe ngapi, atakujibu bila kufungua kalenda. Wazee wa kanisa wangapi wanaweza hivyo?

Mjomba wangu, katekista mstaafu, aliamua kuipigania Krismasi ya ukoo wetu. Mjukuu wake alikuwa abatizwe siku yenyewe kwao Taita, basi mjomba akatoa amri: mwaka huu Kristo kwanza, mengine yatafuata. Ndani ya basi tungesoma Injili badala ya kutazama simu. Kweli akafungua Luka sura ya pili, akatusomea jinsi Yosefu na Mariamu walivyosafiri hadi Bethlehemu kwa amri ya Kaisari Augusto ya kuhesabu watu, wakakosa nafasi katika nyumba ya wageni. Akavua miwani, akachungulia dirishani umati uliokuwa ukigombea mlango.

"Wangepitia hapa," akasema, "wangekosa hata kiti."

Kabla hajaendelea akapanda mhubiri wa stendi. Alituombea kwa sauti iliyofika Marikiti: akayafunika magurudumu kwa damu ya Mwanakondoo, akakemea pepo wa ajali, akamfunga shetani wa Mariakani, sijui kwa nini wa Mariakani hasa. Abiria tukaitikia kwa moyo wote. Amina ilipotoka, Biblia ikaingia mkobani na dawa ya minyoo ikachomoza. Mjomba alinunua pakiti mbili. Alisema maombi yalikuwa mazuri.

Basi, kuna sheria ambayo haimo katika Amri Kumi lakini haivunjwi: atokaye Pwani haendi bara bila mabuyu. Shangazi aliyanunua yale mekundu hasa, yanayoacha ulimi umepakwa rangi wiki nzima, akayatia katika mfuko mmoja na gauni jeupe la ubatizo ili asisahau kimoja. Foleni ikatushika Changamwe, ikatuachia, ikatushika tena kabla ya Mazeras. Joto la Desemba mnalijua. Sukari ikayeyuka, na karatasi ya nailoni ikapasuka. Tulipofika Voi, shangazi akafungua mfuko amwonyeshe mama wa mtoto lile gauni, akaufunga haraka kama aliyeona nyoka.

Lilifuliwa usiku huo kwa sabuni, kwa ndimu na kwa machozi. Weupe haukurudi. Asubuhi tulipeleka kwenye kisima cha ubatizo kitoto ambacho, kwa mavazi yake, hakikuwa kimekuja kubatizwa bali kutawazwa kadinali. Padri alilitazama gauni, akamtazama mjomba, akamwaga maji mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ubatizo ulishika. Picha zipo, na kila anayeziona huuliza habari za gauni kabla ya kuuliza jina la mtoto.

Mwaka uliofuata nauli ilitushinda, tukabaki mjini. Hapo ndipo nilipogundua mlinzi halisi wa Krismasi yetu: jirani yetu, bibi wa Kiislamu. Alfajiri alitukuta uani, unga mpaka kwenye nyusi.

"Wanangu, leo si sikukuu yenu? Mbona bado mu hapa mwasukuma chapati? Kanisani hamwendi?"

Mjomba akapata mahali pa kuanzia. "Mwaka 1631 Wakristo waliuawa hapa hapa Mombasa kwa kukataa kuikana imani yao, na leo nyinyi mwaikana kwa chapati!"

Yule bibi alikuwa na haki ya kushangaa. Kwao zaka ya fitri hutolewa kabla ya swala ya Idi, swala huja kabla ya pilau, na mwezi mzima umetangulia wa kufunga. Sisi twaanza na pilau, na Majilio yetu huishia katika kutafuta tikiti. Ingefaa ratiba ile ile tuikope kwa jirani bila haya: kwanza ibada, kisha jiko. Tuliziacha chapati, tukafika kanisani Nkrumah Road somo la pili likisomwa. Yeye alibaki akizigeuza, na tuliporudi hakuna hata moja iliyoungua.

Nawe ukipanda basi Mwembe Tayari tarehe 24 Desemba ukamkuta mzee amepakata mfuko mweupe mapajani, tafadhali usimwombe akushikie mabuyu.